Sura ya Sita: Upindo wa Kitambaa Chepesi

Hariri ikishapita mkasi, ukingo wake huanza kuachia papo hapo. Iweke mezani, iguse kidogo, utaona nyuzi mbili tatu zimeshachomoka na kulala pembeni. Sababu iko kwenye uzi wenyewe. Uzi wa pamba husokotwa kutokana na nyuzinyuzi fupi, za urefu wa sentimita chache, ambazo ncha zake hujitokeza na kushikana na za jirani. Hariri haina ncha hizo. Kiwavi wa nondo anayelishwa majani ya mforosadi hujizungushia uzi mmoja usiokatika, wa mamia ya mita, na kuugandisha kwa gundi anayoitoa mwenyewe. Gundi hiyo ikishaondolewa kwa maji ya moto na sabuni, unabaki uzi mrefu, laini, usio na kinyweleo hata kimoja. Kitambaa kinachofumwa nao hakina kitu cha kuzuia nyuzi za mtande zisiteleze juu ya nyuzi za mshindio.

Kwa hiyo upindo wa hariri una kanuni zake. Ukinunua doti ya kanga pale sokoni Ifakara, fundi wa barazani huikata katikati, huukunja ukingo mara mbili, hupitisha cherehani, nawe unaondoka na nguo tayari kabla jasho halijakukauka. Hariri ukiifanyia hivyo inalalamika. Meno ya cherehani huivuta upande wa chini kwa kasi kuliko wa juu, na upindo hutoka umejipinda. Sindano ikiwa nene au butu, hunasa uzi mmoja wa kitambaa na kuuburuta, na mstari mweupe hujitokeza kutoka ukingoni hadi katikati ya nguo. Mstari huo hauondoki kwa pasi wala kwa kufua.

Mafundi wa Bonde la Kilombero hukutana na tatizo hili zaidi mpunga ukishavunwa na kuuzwa, kwa kuwa fedha ikiingia ndipo harusi na sherehe za kumuaga bibi harusi zinapofuatana. Mitandio, magauni ya shifoni, vilemba vya akina mama, vyote huletwa kwa fundi. Mara nyingi kinachouzwa dukani kama silki ni poliesta iliyotengenezwa ing'ae. Kuna njia rahisi ya kujua. Chomoa nyuzi chache ukingoni, zishike kwa koleo, uziguse kwa moto wa kiberiti. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika ukiyafikicha. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Kipimo hiki kina maana kubwa kazini, kwa kuwa kitambaa cha pili kikiguswa na pasi ya mkaa iliyoshika moto sawasawa kimekwisha. Lakini kwenye upindo vitambaa hivi viwili vinafanana: vyote vinateleza, vyote vinafumuka, na vyote vinamtaka fundi aweke cherehani kando ashike sindano.

Kazi inaanza kabla ya sindano. Ukingo lazima unyooke, na jicho peke yake halitoshi. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa kutoka upande mpaka upande. Utaacha njia nyembamba iliyonyooka, na mkasi upite humo humo. Shifoni, ambayo huhama hata kwa pumzi, ni bora kuilaza juu ya gazeti, kuibana kwa pini nyembamba, kisha kukata nguo na karatasi kwa pamoja. Pini zikae ndani ya sehemu itakayokunjwa tu, maana matundu yake kwenye hariri hayajifuti.

Halafu mikono. Mkono ulioshika jembe na mundu wa mpunga una michubuko inayonasa uzi wa hariri kila inapopita. Washonaji wa nchi nyingi huchanganya kijiko cha sukari na mafuta kidogo, wakasugua viganja mpaka ngozi iwe laini, kisha wakanawa kwa sabuni na kukausha. Bonde hili, lenye viwanda vya sukari Kidatu na minazi na alizeti za kukamuliwa, halikosi vifaa vya dawa hiyo. Joto la Ifakara nalo huleta jasho, na jasho huacha doa kwenye hariri, kwa hiyo kitambaa kisafi kiwe pajani muda wote wa kufuta vidole.

Sindano ya kazi hii ni nyembamba. Katika sindano za mkono namba ikipanda unene hupungua, na hapa inatakiwa namba 10 hadi 12. Ijaribu kwenye kipande kilichobaki: ikipita bila kukwaruza, inafaa. Uzi uwe mmoja, usikunjwe mara mbili, na urefu wake usizidi mkono kutoka ncha za vidole hadi kiwiko. Uzi mrefu unaonekana kuokoa muda, lakini hujisokota, hufanya mafundo, na kila unapovutwa husugua kitambaa sehemu ile ile.

Sasa piga bandi ya mishono midogo kuzunguka kitambaa chote, milimita tano kutoka ukingoni. Bandi hii hushikilia nyuzi zisizidi kuchomoka. Punguza ziada iliyo nje yake ibaki milimita mbili au tatu, lakini usipunguze ukingo wote mara moja. Kata urefu wa kiganja, shona, kisha kata tena. Kunja ukingo kwa kidole gumba na cha shahada mpaka bandi ifichike ndani. Ingiza sindano kwenye mkunjo, iteleze humo milimita tano, itoke. Papo hapo chini yake, kwenye kitambaa chenyewe, chota uzi mmoja, au miwili ikibidi. Rudi kwenye mkunjo, teleza, toka, chota. Usivute. Ukishafika mshono wa sita au wa nane, shika ukingo kwa mkono wa kushoto na uvute uzi taratibu kuufuata upindo. Mkunjo utajiviringisha wenyewe kuelekea ndani na mishono itazama isionekane.

Hapo ndipo mkono unapoishinda mashine. Cherehani hukaza kila mshono kwa nguvu ile ile iliyopangiwa, hata pale kitambaa kinapotaka kulegezwa. Mkono hulegeza kwenye pembe, hukaza kwenye mstari, na husikia uzi unapokaribia kukatika. Upindo uliokwisha usipigwe pasi ukalala. Uduara wake ndio unaoupa ukingo uzito wa kuanguka vizuri begani. Nyumba ya Hermès ya Paris, ambayo tangu 1937 imekuwa ikitengeneza skafu za hariri za sentimita 90 kwa 90, bado huviringisha na kushona kingo zake kwa mkono, nayo huziviringisha kuelekea upande wa uso wa kitambaa. Skafu ya kipimo hicho ina ukingo wa mita 3.6. Kwa mshono mmoja kila milimita tano, hiyo ni mishono 720.

Pwani yetu ilijua thamani ya ukingo karne nyingi kabla ya Hermès. Padri Monclaro, aliyesafiri na msafara wa Wareno wa Francisco Barreto, aliandika juu ya nguo za hariri za Pate kuwa ni za thamani kubwa na hazikutengenezwa katika miji mingine ya pwani, na hivyo Wareno walizinunua wakauze kwingine kwa faida. Wafumaji wa pwani walikuwa na ujasiri ambao mimi naustaajabia kila ninapoufikiria: walifumua vitambaa vilivyoletwa kutoka ng'ambo, uzi kwa uzi, wakavifuma upya kwa namna waliyoitaka wenyewe. Baadaye, Zanzibar na kwingineko, kikoi cha kawaida kilipandishwa hadhi kwa kushonewa taraza, utepe uliofumwa kwa rangi na wakati mwingine kwa hariri. Mtu alitambulika hali yake kwa kutazamwa upindo wa nguo aliyovaa. Shingo ya kanzu ilitiwa darizi kwa sababu hiyo hiyo, na mpaka leo kuna mafundi wanaojulikana kwa kazi ya shingo tu.

Ifakara haikuwa bandari, na hariri haikuwa biashara yake. Mji huu ulikua kando ya mto, kwenye mpunga, misheni, hospitali ya Mtakatifu Fransisko na kivuko cha kwenda Ulanga, kabla reli ya TAZARA haijapita katika miaka ya 1970. Wapo wanawake wa Ifakara wanaofuma pamba kwa vitanda vya mkono, na kazi yao imefika madukani Dar es Salaam. Lakini kitambaa chepesi ambacho maisha ya bonde hili yamekitegemea zaidi ni chandarua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima katika kijiji cha Namawala, si mbali na Ifakara, ni mara ngapi mtu mmoja huumwa na mbu aliyebeba vimelea vya malaria. Jibu lilizidi mara 300 kwa mwaka. Fikiria mtoto mchanga katika hesabu hiyo. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa Ifakara na Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ndicho kilichoshika jambo hili kwa ukaribu. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua na dawa ya kuvitia, kwa jina la Zuia Mbu, katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Katika eneo lililofuatiliwa kaya kwa kaya, watoto wachanga waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa chini ya asilimia 10 mwanzoni. Miaka mitatu baadaye walizidi asilimia 50. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet: kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kiliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Sera za nchi zilizofuata, zikiwemo Hati Punguzo ya mwaka 2004 na ugawaji mkubwa uliofanyika kati ya 2009 na 2011, zilisimama juu ya ushahidi wa namna hiyo, na sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka katika bonde hili.

Sasa kitazame chandarua kama fundi anavyotazama kitambaa. Unene wa uzi wake hupimwa kwa denia, kipimo kilichozaliwa katika biashara ya hariri. Denia ni uzito, kwa gramu, wa mita 9,000 za uzi; uzi mmoja mwembamba wa hariri una takribani denia moja. Vyandarua vingi vya poliesta ni vya denia 75 au 100, yaani kilomita tisa za uzi wake zina uzito wa gramu 75 au 100 tu. Matundu hayapungui 156 katika inchi moja ya mraba. Chandarua hakifumwi kwa mtande na mshindio. Huunganishwa kwa vitanzi vinavyoshikana, na hivyo ukikikata hakifumuki kama hariri. Udhaifu wake uko kwingine. Kitanzi kimoja kikikatika, uzito wote uliokuwa juu yake hubebwa na majirani zake, nao ni wembamba vile vile. Kitundu cha msumari kinakuwa mpasuko.

Na mpasuko huanzia chini. Upande wa chini ndio unaochomekwa kila jioni chini ya godoro au mkeka na kuchomolewa kila asubuhi, ukisuguana na mbao za kitanda zisizopigwa randa, misumari iliyochungulia na kamba zilizokauka. Watoto hutokea hapo na kuingilia hapo. Panya nao, wanaofuata magunia ya mpunga yaliyohifadhiwa ndani, hutafuna hapo. Kazi ya upindo wa chandarua ni kuupa ukingo uzito ili ukae mahali pake, na kuyaacha mateso hayo yaupate utepe mgumu badala ya wavu.

Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kupima uchakavu wa chandarua unaomfaa kila mtu, kwa kuwa vipimo vyake ni viungo vya mwili. Tundu linalopitisha kidole gumba lakini halipitishi ngumi ni la daraja moja. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa, daraja jingine. Linalopitisha kichwa, la mwisho. Yaliyo madogo kuliko kidole gumba huhesabiwa alama 1 kila moja. Yanayofuata ni alama 23, kisha 196, na tundu kubwa kuliko kichwa ni alama 576. Jumla isipozidi 64, chandarua ni kizima. Ikifika 643, kimeraruka kiasi cha kutomlinda mtu.

Chukua chandarua chenye tundu moja kubwa kuliko kichwa na matundu matatu ya kidole gumba. Hesabu yake ni 576 na 69, jumla 645. Kwa mizani hiyo ni cha kutupa. Mtu mwenye sindano akikaa nacho jioni moja na kuliziba lile tundu moja, kinabaki na alama 69 na kinaendelea kufanya kazi. Katika utafiti wa miaka mitatu ulioongozwa na wanasayansi wa Ifakara na kuchapishwa mwaka 2020, aina tatu za vyandarua vilivyokuwa vikitumika Tanzania zilidumu kwa wastani kati ya miaka miwili na miaka miwili na nusu na ushei, wakati matarajio ya mgawaji ni mitatu. Pengo hilo la miezi ni misimu ya mvua, na msimu wa mvua Kilombero ni msimu wa mbu.

Ndiyo maana nasema, na nasema kwa uzito, kwamba ustadi wa kupinda kitambaa chepesi ni elimu ya afya katika bonde hili. Chandarua hugawiwa pamoja na maelekezo ya kukitundika, kukifua kwa sabuni ya kawaida na kukianika kivulini ili jua lisiue dawa. Hayo ni sahihi yote. Lakini sindano haimo kwenye mfuko, wala hakuna anayeonyesha jinsi ya kuishika. Ningependa kuona kila zahanati na kila shule ya msingi kutoka Kidatu hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto mpaka Lupiro na Malinyi, ikiwa na mtu mmoja anayefundisha hili. Mafundi wapo, wamekaa kwenye baraza za maduka.

Na wangefundisha nini? Yale yale ya hariri. Sindano nyembamba, maana nene hukata vitanzi badala ya kupita katikati yake. Uzi wa poliesta, mmoja, mwembamba. Uzi mnene wa gunia unadumu wenyewe lakini husaga wavu unaouzunguka. Mshono usianzie kwenye mdomo wa tundu, kwa kuwa vitanzi vya hapo vimeshachoka. Rudi nyuma safu tatu au nne, pale wavu ulipo mzima, uzungushe bandi, kisha vuta taratibu mpaka mdomo ukutane. Kwa tundu lisilozidi ngumi hiyo inatosha. Likiwa kubwa zaidi ukivuta utakunja upande mzima wa chandarua, na mvutano huo utazaa tundu jipya kando. Hapo panataka kiraka. Kata kipande kutoka chandarua kilichokufa, kizidi tundu kwa vidole viwili kila upande, kunja kingo zake, shona kuzunguka kwa mishono iliyolegea. Kwenye pembe za kiraka zungusha sindano mara tatu mahali pamoja kabla ya kugeuka. Ukimaliza, nawa mikono, kwa sababu dawa iliyomo kwenye uzi ni ya mbu na haitakiwi kwenye chakula.

Wenye mashamba ya mbali bondeni wana sababu ya ziada ya kujifunza. Wakati wa kulima na kulinda mpunga, familia nyingi huhamia kwenye vibanda na madungu ya shambani kwa miezi kadhaa. Chandarua huteremshwa nyumbani, hufungwa juu ya baiskeli, hutundikwa kwenye miti iliyokatwa jana yenye magamba na vijiti, na baada ya mavuno husafiri kurudi. Kila safari ina matundu yake. Kabla ya kuhama, kishonee utepe wa kanga kuukuu kuzunguka sehemu ya chini, upana wa kiganja, uliokunjwa ili uubane ukingo wa wavu pande zote mbili. Ukingo wa chandarua cha sentimita 190 kwa 180 una mita 7.4. Mshono mmoja kila sentimita ni mishono 740, karibu sawa na skafu ya hariri, na hapa huna haja ya kuificha. Anza kwenye pembe iliyo upande wa ukutani, shona upande mmoja kila jioni kabla giza halijaingia, na kila unapofika pembeni acha utepe ulegee kidogo kabla ya kugeuka ili usivutike unapochomekwa.